Umejuaje? Namna ya kutafuta na kupima makala za kitaaluma za sosholojia

Swali la kazi limekuja na sharti chini yake: tumia angalau makala 5 za kitaaluma. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, mtu anafungua Google, anaandika swali zima kama lilivyo kwenye karatasi, anapakua PDF 5 za kwanza zinazofunguka na kuzipanga mwishoni chini ya neno Marejeo. Nayajua haya kwa sababu nimeyafanya. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba "tafiti zinaonyesha wanawake ni waaminifu kuliko wanaume katika kulipa mikopo ya vikundi". Kazi ilirudi na neno moja la kalamu nyekundu pembeni mwa sentensi hiyo: Umejuaje? Nikadhani naulizwa mimi. Kumbe alikuwa anaulizwa mwandishi niliyemnukuu, na nilipoirudia makala yake nikakuta hakuwa amehoji mtu yeyote wala kuhesabu chochote. Alikuwa amenukuu mwingine, ambaye naye alikuwa amenukuu mwingine.

Mwongozo huu nauandika nikifuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe ni upatu, ule mchezo wa kuchangishana na kupokea kwa zamu. Kila mtu ana shangazi anayeucheza, na wanataaluma wameuandikia kwa zaidi ya miaka 60.

Hatua ya 1: Kata swali kabla hujafungua kompyuta

"Upatu nchini Tanzania" ni mada, na mada haina mwisho. Andika swali lenye alama ya kuuliza, linaloweza kujibiwa kwa zaidi ya njia moja. Kwa mfano: kwa nini wanawake wa mjini huendelea kucheza upatu hata wakiwa na akaunti ya benki au fedha za simu? Hapo tayari una watu (wanawake), mahali (mjini), na kitendawili: njia nyingine za kuweka akiba zipo, lakini mchezo haufi. Makala yoyote utakayoifungua utaipima kwa swali hilo, na utajua haraka kama inakuhusu.

Hatua ya 2: Jua jambo lako linaitwaje kwingine

Hapa ndipo muda mwingi unapotea, na hapa ndipo ningekushauri ukae zaidi. Ukiandika "upatu" kwenye kisanduku cha kutafutia utapata vitu vichache, na vingine vitakupoteza kabisa. Magazeti yetu yanatumia neno hilohilo kwa utapeli wa fedha; yakiandika "upatu haramu" yanazungumzia mambo kama sakata la DECI la mwaka 2009, ambalo halihusiani hata kidogo na akina mama 12 wa mtaa mmoja wanaopeana zamu.

Wanataaluma wanaoandika kwa Kiingereza wanauita "rotating savings and credit association", kwa kifupi ROSCA. Ukilijua jina hilo, mlango unafunguka. Lakini usiishie hapo, maana watafiti wengi hutumia jina la wenyeji. Kenya utakuta chama na "merry-go-round", Ethiopia equb, Afrika Kusini stokvel, Ghana susu, nchi nyingi zinazotumia Kifaransa tontine, Kinshasa likelemba, Indonesia arisan. Makala nzuri kuhusu stokvel inaweza kukusaidia kuliko makala mbovu kuhusu Dar es Salaam, kwa kuwa nadharia husafiri.

Kisha angalia majirani wa jambo lako ili usiyachanganye. Kikoba si upatu. Katika upatu, chungu chote hubebwa na mtu mmoja kila zamu na hakibaki kitu. Kwenye kikoba fedha hurundikana, hukopeshwa kwa riba, na mwisho wa mzunguko hugawanywa. Mfumo huo wa pili ulienea kutoka Niger, ambako shirika la CARE lilianza nao mwaka 1991, na makala zake hutumia maneno "village savings and loan associations", VSLA au VICOBA. Utakutana na waandishi, hata wenye digrii kubwa, wanaovichanganya viwili hivi. Wewe uliyekulia humu huna sababu ya kudanganyika.

Maneno nayo yana umri. Usemi "sekta isiyo rasmi" ulipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 na makala ya mwanaanthropolojia Keith Hart kuhusu Ghana ya mwaka 1973. Ukitafuta maandishi ya miaka ya 1960 kwa usemi huo, hutapata kitu, ingawa mambo yenyewe yaliandikwa sana. Tengeneza orodha ya maneno kwenye karatasi: jina la jambo, majina yake mengine, watu, mahali, na dhana ya sosholojia unayoitilia shaka au kuiamini, kama vile mtaji jamii (faida anayopata mtu kutokana na watu anaojuana nao), uaminifu, jinsia, au udhibiti wa kijamii. Orodha hiyo utaongezea kila makala unayosoma.

Hatua ya 3: Mahali pa kutafutia

Anza na Google Scholar, si Google ya kawaida. Mambo madogo matatu yatakuokolea bando. Maneno yanayokwenda pamoja yafungie kwenye alama za kunukuu, la sivyo utaletewa kila makala yenye neno "credit". Tumia kichujio cha miaka kilichoko kushoto. Na makala ikidai malipo, usikimbilie kukata tamaa: bonyeza kiungo cha matoleo yote chini yake, mara nyingi nakala ya bure iko kwenye tovuti ya chuo cha mwandishi mwenyewe. Ila kumbuka kwamba Google Scholar haichagui. Humo tasnifu, ripoti za mashirika, rasimu na makala za majarida ya kitapeli vimekaa meza moja na kazi bora. Haina kitufe cha kuonyesha zilizopitiwa na wataalamu tu.

Pili ni maktaba ya chuo chako. Vyuo vya Tanzania hushirikiana kulipia majarida kupitia muungano wa maktaba uitwao COTUL, na vya Kenya kupitia wao uitwao KLISC. Maana yake ni kwamba makala inayokudai dola 40 ukiwa geto huenda inafunguka bure ukiwa kwenye mtandao wa chuo, au ukiingia kwa nywila ambayo mkutubi atakupa ukimwomba. Wanafunzi wengi humaliza miaka 3 bila kumuuliza mkutubi swali hata moja, ilhali yeye ndiye mtu pekee chuoni anayelipwa ili akutafutie makala.

AJOL, yaani African Journals Online, imekuwepo tangu 1998 na inakusanya mamia ya majarida yanayochapishwa Afrika, yakiwemo ya vyuo vya Tanzania na Kenya. Ipitie hata kama Google Scholar imekupa nyingi. Mtu aliyeandika kuhusu Mwanza kwenye jarida la hapa nyumbani huwa hatajwi sana na wenzake wa Ulaya, kwa hiyo injini za kutafutia humsukuma ukurasa wa 6, na ukurasa wa 6 haufiki mtu. Kwa makala za zamani nenda JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni. Ukifungua akaunti ya bure unaweza kusoma idadi kubwa ya makala kila mwezi mtandaoni bila kupakua. Humo kuna mtego mmoja: vitu vingi vyenye kichwa kizuri ni mapitio ya kitabu tu, kurasa 2 za mtu anayesimulia kitabu cha mwingine. Tazama idadi ya kurasa kabla hujafurahi.

Kama mada ni ngeni kwako kabisa, tafuta kwanza makala ya mapitio, inayosimulia nani amesema nini kuhusu jambo zima. Annual Review of Sociology, inayotoka tangu 1975, hufanya kazi hiyo tu.

Hatua ya 4: Fuata nyayo mbele na nyuma

Ukishapata makala moja nzuri, acha kutafuta kwa maneno. Nenda nyuma: soma orodha yake ya marejeo na uweke alama kwenye majina yanayojirudia. Kwenye maandishi ya upatu utakutana tena na tena na wanaanthropolojia wawili: Clifford Geertz, 1962, na Shirley Ardener, 1964. Geertz aliangalia arisan ya Java na vikundi vya kwingine, akaona ni ngazi ya katikati: watu wa kijijini wanajifunza tabia za kibiashara, halafu taasisi rasmi zitachukua nafasi. Ardener alilinganisha vikundi vya sehemu nyingi za dunia na kutoa fasili ambayo bado inatumiwa leo. Sasa unaona swali lako limeota mizizi. Ukiuliza kwa nini upatu haufi mjini, unabishana na Geertz, na ubishi huo una zaidi ya miaka 60.

Kisha nenda mbele. Chini ya kila makala kwenye Google Scholar kuna kiungo chenye idadi ya kazi zilizoitaja. Kibonyeze, halafu tia tiki kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya hizo tu, uandike "Tanzania" au "mobile money". Kwa dakika 10 utakuwa umefika kwenye majadiliano ya mwaka jana.

Idadi yenyewe isikutie kiwewe. Makala ya 1962 imetajwa mara nyingi kwa sababu ni ya 1962. Nyingine hutajwa sana kwa kuwa kila mtu anaipinga.

Hatua ya 5: Soma kwa kurukaruka

Usisome kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Hutamaliza hata 3. Soma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzoni), ruka hadi sehemu ya mbinu, kisha hitimisho. Baada ya hapo amua: hii naisoma yote, hii naiweka kando, hii naitupa. Kati ya 20 nilizofungua, kwa kawaida zinazobaki ni 6 au 7. Anayeanza na ikisiri tu na kuishia hapo ataumbuka, maana ikisiri ni tangazo la biashara la makala.

Hatua ya 6: Muulize mwandishi, umejuaje?

Hapa tuketi. Chukua makala mbili zinazohusu mambo ya Kenya. Ya kwanza ni ya Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, ilitoka mwaka 2002 kwenye Quarterly Journal of Economics, na data yake ni ya Kibera, Nairobi. Wanasema wanawake wengi wanaoishi na waume hucheza mchezo ili fedha zisichotwe nyumbani kwa matumizi ya papo kwa papo: ikishaingia kwenye chungu, mume haigusi. Ya pili ni ya Mary Kay Gugerty, mwaka 2007, kwenye Economic Development and Cultural Change, kuhusu vikundi vya vijijini magharibi mwa Kenya. Yeye anaona tatizo kubwa ni mtu na nafsi yake: ukiwa peke yako akiba haikai, kwa hiyo unajifunga mbele ya wenzako ili wakukazie.

Mwanafunzi wa haraka ataandika "Anderson na Baland wanasema hivi, naye Gugerty anasema vile", aweke nukta. Wewe uliza.

Wamejuaje? Anderson na Baland hawakumwuliza mke "je, unamkimbia mume?" Walilinganisha nani anacheza na nani hachezi, kwa kutazama kama anaishi na mwenzi na mchango wake katika kipato cha nyumba. Hoja yao ni kwamba uwezekano wa kucheza hupanda kadiri sauti ya mwanamke nyumbani inavyokua, kisha hushuka: asiye na kipato hana cha kuficha, na mwenye sauti kubwa sana hahitaji kuficha. Huo ni ushahidi wa kuzunguka, si wa moja kwa moja. Una nguvu, lakini unaacha mwanya kwa maelezo mengine. Gugerty naye anayaweka maelezo kadhaa yashindane mbele ya data ileile, jambo ambalo ni dalili nzuri popote utakapoliona. Mwandishi anayejaribu maelezo yake tu, bila kuyapa maelezo ya wengine nafasi ya kushinda, msome kwa tahadhari.

Ni nani hayumo? Kwenye tafiti za vikundi swali hili huua makala nyingi. Ukihoji waliomo kwenye mchezo unaowaenda vizuri, utasikia kwamba mchezo unakwenda vizuri. Aliyeshindwa kuchangia akaaibika mtaa mzima na kuhamia kwingine hahojiwi, kwa sababu hayupo. Tafuta kama mwandishi alijaribu kuwapata waliotoka.

Ni lini na wapi? Angalia miaka ya kukusanya data, si mwaka wa kuchapishwa. Mara nyingi hupishana kwa miaka 5 au zaidi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kwa hiyo makala zote mbili zinaeleza dunia ambayo mama alikuwa hana pa kuficha fedha isipokuwa kwa wenzake. Sasa ana simu yenye namba ya siri. Kama hoja ya kumkwepa mume ndiyo ingekuwa yote, mchezo ungepaswa kupungua. Umeona? Hujaipinga makala, umepata pengo ambalo kazi yako inaweza kusimama ndani yake.

Ni wa taaluma gani? Hawa wanaandika kwa mtazamo wa uchumi, na majarida yao ni ya uchumi au maendeleo. Unaruhusiwa kabisa kuwatumia, ila fahamu kwamba mtu wao huanza akiwa peke yake akipiga hesabu. Mwanasosholojia angeuliza kwanza kwa nini aliyepokea zamu ya kwanza hakimbii. Aibu, ujirani, ukoo, msiba utakaohitaji watu: hayo hayana safu kwenye jedwali lao. Kamilisha orodha yako kwa makala iliyoishi na watu, yaani ya mtafiti aliyekaa nao na kuwasikiliza.

Na hiyo iliyoishi na watu usiidharau kwa kuwa ilihoji watu 24. Usaili wa kina haupimwi kwa idadi pekee. Pima alivyowachagua, alikaa muda gani, alizungumza nao kwa lugha gani, nani alitafsiri. Kama mahojiano yalifanyika Kiswahili na makala haina hata neno moja la Kiswahili walilosema wahojiwa, kitu kimepotea njiani. Niliwahi kusoma moja iliyotafsiri "kucheza mchezo" kama "playing a game", kisha ikajenga aya nzima kuhusu furaha na burudani. Hapo msomaji wa Kiswahili ana jicho ambalo wasomi wengi hawana. Litumie.

Hatua ya 7: Jarida lenyewe

Makala ya kitaaluma kwa kawaida husomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, nao huweza kuikataa. Majarida ya kitapeli huchukua ada na kuchapa chochote. Yanajulikana kwa dalili: yanaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, jarida moja linabeba uhandisi, uuguzi, sosholojia na ufugaji wa kuku, na bodi ya wahariri ina majina bila vyuo. ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) na DOI (namba ya utambulisho wa makala mtandaoni) si uthibitisho wa ubora, kwani hata tapeli anaweza kuvipata. Vinakusaidia tu kujua kwamba kitu kipo.

Lakini usigeuke mwonevu. Jarida la chuo cha hapa kwetu linaweza kuchelewa mwaka mzima, tovuti yake ikawa chini kila Jumatatu, na bado wahariri wake ni watu makini. Umaskini si utapeli. AJOL hutoa alama za nyota kwa majarida yake kufuatana na mpango uitwao JPPS, kuanzia hakuna nyota hadi 3, ukipima uendeshaji wa jarida. Angalia hapo, kisha fungua matoleo 2 au 3 ya nyuma usome vichwa vya makala.

Jarida kubwa nalo si kinga. Desemba 2014 jarida la Science lilitoa utafiti uliodai kwamba mazungumzo mafupi mlangoni yanaweza kubadili msimamo wa mpiga kura kwa muda mrefu. Mei 2015 uliondolewa, baada ya watafiti wengine waliotaka kuurudia kugundua kwamba data haikuwa ya kweli. Kabla ya kuegemeza hoja nzima kwenye makala moja, fungua ukurasa wake kwenye tovuti ya jarida uone kama kuna taarifa ya kuiondoa au kuisahihisha.

Hatua ya 8: Marejeo yaliyotungwa na mashine

Programu za akili mnemba zinaweza kukupa makala 5 kwa sekunde 5, zenye jina la mwandishi halisi, jarida halisi, na kichwa ambacho hakijawahi kuandikwa na mtu. Zitumie kukusanya maneno ya hatua ya 2, hapo zinafaa. Kila rejeo litakalotoka humo liingize DOI yake kwenye doi.org au kichwa chake kwenye Google Scholar ndani ya alama za kunukuu. Lisipotokea, lifute. Hali ni hiyohiyo kwa madesa ya waliokutangulia. Nimekuta rejeo lenye mwaka usio sahihi likirithiwa kizazi hadi kizazi kama shamba.

Hatua ya 9: Daftari

Kwa kila makala unayoibakiza andika mistari 4: rejeo kamili, dai lake kwa maneno yako mwenyewe, amejuaje, na inagombana na nani. Ukishindwa kuujaza mstari wa tatu, hujaisoma. Andika hapohapo na namba ya ukurasa wa kila nukuu, maana saa 7 usiku hutaikumbuka. Zotero ni programu ya bure na itakupangia marejeo, lakini mistari hiyo 4 haitakuandikia.

Swali la mwisho ambalo huulizwa sana ni lini uache kutafuta. Angalia mstari wa nne. Makala mpya zikianza kugombana na watu ambao tayari umewaandika, na orodha zao za marejeo hazikuletei jina geni, funga kompyuta uanze kuandika. Kwa kazi ya kurasa 8 hali hiyo hufika mapema kuliko unavyodhani, mara nyingi kwenye makala ya 9 au ya 10.